Tuanze na Lipi? Utaratibu wa Kuweka Viwango katika Huduma za Ushirika Wetu

(Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi)



Miaka kumi si mingi katika umri wa mtu, lakini kwa chama cha wakulima ni mingi ya kutosha kuonyesha kama msingi wake ni jiwe au ni mchanga. Wasemaji waliotutangulia wameeleza tulikotoka. Sisi tumepewa kazi ya kusema juu ya tuendako, na hasa juu ya jambo moja ambalo limezungumzwa katika kila mkutano wa vyama vya msingi, nalo ni viwango.

Neno hili limekuwa kubwa mno midomoni mwetu. Wengine wakisema viwango hukusudia mizani. Wengine hukusudia madaraja ya parachichi, wengine ukavu wa mahindi, wengine maboksi yenye nembo, na wengine hata rangi ya milango ya maghala. Yote hayo ni viwango kweli. Lakini fedha ya Chama si mto usiokauka, na watumishi wetu ni wachache. Mwenye kuanza mambo kumi kwa siku moja humaliza usiku hana hata moja. Kwa hiyo swali lililo mbele yetu si kama twataka viwango, kwani hakuna asiyevitaka. Swali ni hili: tuanze na lipi, tufuatishe lipi, na lipi tuliache lingoje?

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba kazi ya Chama Kikuu siyo kulima. Wakulima ni ninyi. Kazi yetu ni huduma: kupima, kupokea, kuhifadhi, kuandika, kutafuta soko na kusafirisha. Mtu akinunua jembe hulishika mkononi na kulipiga ukucha asikie mlio wake. Lakini huduma haishikiki. Mwanachama aletaye mahindi yake ghalani hawezi kuiona huduma kabla ya kuipokea, naye akiisha kupunjwa hana kitu cha kurudisha dukani. Ndiyo sababu huduma yahitaji viwango kuliko hata bidhaa, na ndiyo sababu viwango hivyo havina budi kuwa vya nchi nzima, visiwe vya kijiji kimoja.

Hapa Makambako tunao mfano ambao kila mtu aweza kwenda kuutazama. Ni reli ya TAZARA, iliyojengwa tangu mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976. Upana kati ya vyuma vyake viwili ni milimita 1,067, ukachaguliwa hivyo ili upatane na reli za Zambia na za kusini yake. Reli ya Kati, ambayo Wadachi waliifikisha Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67 tu, haifiki upana wa kiganja cha mkono. Lakini kwa ajili ya kiganja hicho, behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya nyingine, na mizigo yapasa kuhamishwa huko Kidatu mahali zinapokutana. Na reli mpya iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024 ina kipimo chake cha tatu, milimita 1,435. Hatusemi hayo ili kuwalaumu waliojenga, kwani kila mmoja alikuwa na sababu yake. Twasema ili tuone kwamba kiwango kikiamuliwa mapema ni karatasi na wino tu, bali kikichelewa huwa ni chuma na mawe, na kukibadili ni gharama ya vizazi.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, tuingie katika utaratibu wenyewe. Halmashauri imelitazama jambo hili kwa kuuliza maswali manne kwa kila kiwango kilichopendekezwa. Je, kikikosekana chaweza kumdhuru mtu mwilini? Je, chawagusa wanachama wangapi? Je, viwango vingine vyakitegemea? Na je, mwanachama wa kawaida aweza kukikagua kwa macho yake bila kumngoja mtaalamu? Kutokana na maswali hayo ndipo umetokea mpango huu.

Katika mashauri ya awali palikuwa na mvutano. Wengine walisema mizani itangulie yote. Wengine wakasema, hapana, usalama wa chakula utangulie, kwani pesa iliyopotea hutafutwa, mtu aliyekufa hatafutwi. Maneno yote mawili yalikuwa ya kweli. Tulipotafakari tukaona kwamba kosa lilikuwa kuyaweka mambo hayo katika foleni moja. Kitu kiwezacho kuua hakiwekwi katika foleni; hicho ni lazima leo. Vinginevyo ndivyo tunavyovipanga kwa zamu. Hata Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, hutenganisha viwango vya lazima, vinavyolinda afya na usalama, na viwango vya hiari.

Kwa hiyo lililo nje ya foleni ni usalama wa mahindi. Nchi yetu ya Njombe ni ya juu na ya baridi. Mahindi yetu huvunwa wakati wa baridi ya Juni na Julai, nayo hukauka polepole. Mahindi yakitiwa ghalani yakiwa mabichi huota ukungu, na ukungu wa namna fulani hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa jicho wala haiondoki kwa kupikwa. Jirani zetu wa Kenya waliona matokeo yake mwaka 2004, watu 317 walipougua na 125 kati yao wakafa. Nasi hatukusalimika: mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua watu 68, wakafariki 20. Hao walikuwa wakulima kama sisi, wakila mahindi waliyoyalima wenyewe.

Kiwango cha Afrika ya Mashariki chasema unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu kwa jumla isizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni. Ghala la Chama halitapokea gunia lililozidi unyevu huo, awe mleta gunia ni mwanachama wa kawaida, ni mjumbe wa Halmashauri, au ni Katibu mwenyewe. Kipima unyevu kitakuwapo katika kila ghala. Lakini mwanachama asingoje kufika ghalani ndipo ajue. Achukue chupa kavu ya kioo, atie mahindi kidogo pamoja na chumvi kavu, atikise kwa dakika chache kisha aache yatulie. Chumvi ikishika ubavuni mwa chupa, unyevu umepita asilimia 15, arudi akaanike. Na yatupasa kuanika juu ya turubai, si juu ya udongo, kwani ukungu wenyewe hukaa udongoni.

Basi tuje katika foleni. La kwanza ni mizani.

Wazee wetu walipima kwa kibaba na pishi, na wafanya biashara wa pwani kwa frasila. Baadaye likaja debe. Vipimo hivyo vilifaa watu waliojuana, kwa sababu aliyepunja leo alikutana na mwenzake kesho kisimani. Lakini mnunuzi wa siku hizi atoka mbali, na gari lake likishavuka Makambako hatumwoni tena. Katika biashara hii ya wageni kwa wageni ndipo ilipozaliwa lumbesa.

Hakuna aliyemo humu asiyeijua lumbesa ya viazi. Gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha hushonewa wavu juu yake na kuvikwa kilemba, hata likawa refu kama mtu. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, yakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100. Hata hivyo gunia huuzwa kwa hesabu ya gunia moja, liwe na kilemba au lisiwe nacho. Tufanye hesabu pamoja. Tuchukue mfano wa gunia lenye kilo 130 linalolipwa kama la kilo 100. Mwanachama akiuza magunia kumi ya namna hiyo ametoa bure kilo 300, yaani magunia matatu. Akiuza hamsini ametoa bure tani moja na nusu. Ndani ya tani hiyo na nusu mna mbolea aliyokopa, mna mbegu, mna jasho la mke wake na ada ya shule ya watoto wake. Na viazi hivyo hivyo vikifika mjini havina kilemba tena. Huuzwa kwa kilo au kwa sado, kila kimoja kwa bei yake.

Tena kuna mgongo wa mtu. Shirika la Kazi Duniani lilishauri mwaka 1967 kwamba mzigo wa mtu mzima mwanamume usizidi kilo 55. Vijana wetu wapakiao magari hubeba zaidi ya mara mbili ya uzito huo, na wengi wao hawatafika uzee wakiwa wamesimama wima.

Tumeiweka mizani kwanza kwa sababu yawagusa wote, mwenye chai na mwenye viazi, mwenye mahindi na mwenye parachichi. Pili, kila kiwango kinachofuata chajengwa juu yake, kwani huwezi kutaja daraja la mali ambayo uzito wake haujulikani. Tatu, asiyejua kusoma kitabu aweza kusoma namba ya mizani. Na tena si jambo geni katika ushirika wa nchi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma waliweka wapimaji wao wenyewe ili kuhakikisha mizani za wanunuzi. Kutokana na wapimaji hao, chini ya uongozi wa Bwana Paul Bomani, kulikua vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa shirikisho kubwa la Victoria. Twaweza kusema bila kukosea kwamba ushirika wa kule ulizaliwa juu ya mizani.

Kwa hiyo mpango ni huu. Kila chama cha msingi kitakuwa na mizani ya jukwaa iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na uhakiki huo utafanywa kila mwaka. Pamoja nayo kutakuwa na jiwe la kilo 20 lililohakikiwa, na kila asubuhi kabla ya kazi mpimaji ataliweka juu ya mizani mbele ya wanachama wawili. Bei itatajwa kwa kilo, na itaandikwa ubaoni mahali pa wazi. Gunia litabaki kuwa chombo cha kuchukulia tu, lisiwe kipimo.

Wapo wanaosema, "Tukikataa lumbesa, mnunuzi atakwenda kijiji cha pili." Neno hili si la kupuuzwa, kwani ndivyo ilivyokuwa mara nyingi: mahali pamoja wakishika sheria, gari hugeuzwa upande wa pili, na walioshika sheria hubaki na viazi vinavyooza. Hapa ndipo tunapoona kwa nini kiwango cha kijiji kimoja ni adhabu kwa kijiji hicho, bali kiwango cha wote ni ngao ya wote. Vyama vyetu vyote vya msingi vitaanza siku moja. Na kwenu ninyi Waheshimiwa wa Serikali tunalo ombi. Sheria ishikwe Njombe kama inavyoshikwa Mbeya, Iringa na Songea, kwa siku zile zile na kwa ukali ule ule. Tena ushuru, nauli na ada ya upakiaji visihesabiwe kwa gunia. Mahali ambapo gunia kubwa na gunia dogo hulipiwa sawa, kila mtu hufundishwa kujaza gunia kubwa. Vyote na vihesabiwe kwa kilo.

La pili katika foleni ni maandishi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 ilifungua njia ambayo wenzetu wa korosho wa Mtwara walianza kuipita katika msimu wa 2007/2008. Mkulima hupeleka mali yake katika ghala lenye leseni, ikapimwa na kupangwa daraja, naye akapewa stakabadhi. Stakabadhi hiyo ndiyo inayopelekwa mnadani. Mnunuzi aliye mbali hanunui gunia aliloliona, hununua karatasi. Basi fikirini, ndugu zetu, ni imani ya namna gani iliyomo ndani ya karatasi hiyo! Mnunuzi aamini kwamba kilo zilizoandikwa zimo, kwamba ukavu ulioandikwa ndio, na kwamba mlinzi wa ghala hataihamisha mali usiku. Karatasi moja tu ikisema uongo, zote zilizobaki hupungua bei.

Hatuwezi kuyatia mazao yetu yote katika njia hiyo. Mahindi yaliyokauka yaweza kungoja ghalani hadi bei ipande. Viazi haviwezi, vikikaa siku nyingi huchipua, na vikiona mwanga hugeuka kijani na kuwa na sumu. Lakini hata kwa viazi maandishi yapasa kuwapo: stakabadhi ya uzito yenye nakala tatu, moja ya mwanachama, moja ya chama cha msingi, na moja ya Chama Kikuu. Wakaguzi wa COASCO wakija, wazikute nakala hizo tatu zikisema neno moja.

La tatu ni madaraja ya ubora, na hapa parachichi ndiyo yenye haraka. Tunda hili haliivi mtini. Huiva likiisha kuchumwa. Kwa hiyo macho hayatoshi kujua kama limekomaa. Kiwango cha kimataifa chataka parachichi ya Hass iwe na angalau asilimia 21 ya kitu kikavu ndani yake ndipo ichumwe. Ikichumwa kabla ya hapo hunyauka na kuwa kama mpira, haili mtu. Mwaka 2022 nchi yetu ilitia sahihi mapatano ya kupeleka parachichi China. Soko la namna hiyo hupatikana kwa mashauri ya miaka mingi na hupotezwa kwa shehena moja. Anayechuma matunda machanga kwa kuhofia wezi au kwa kupenda bei ya mapema hauzi matunda yake tu. Auza na jina la Njombe nzima.

La nne, ambalo litangoja, ni maboksi, nembo na sura ya majengo. Twajua wapo waliotamani yatangulie, kwa kuwa yanapendeza machoni. Lakini nembo nzuri juu ya gunia pungufu ni kama kanzu nyeupe juu ya mwili usiooga. Siku mizani na maandishi yatakapokuwa yamesimama, nembo itakuwa na kitu cha kukishuhudia.

Ndugu wanachama, imetupasa kusema neno moja ambalo huenda lisipendeze. Kiwango ni upanga wenye makali pande mbili. Tukimtaka mnunuzi aache kilemba, nasi tuache kutia viazi vidogo chini na vikubwa juu; tuache mawe na udongo ndani ya gunia; tuache kunyunyizia mahindi maji ili yazidi uzito. Mkulima anayeuza kwa lumbesa usiku nyuma ya nyumba, kisha mchana akaja mkutanoni kulaani lumbesa, huyo ndiye anayemfundisha mnunuzi kwamba azimio letu ni maneno matupu. Sheria haitatusaidia kama hatutajisaidia.

Nasi watumishi wa Chama tunayo makali yetu. Mpimaji akikutwa na mizani isiyohakikiwa, kazi husimama siku hiyo. Mtunza ghala akipokea mahindi mabichi kwa sababu ya udugu au ujirani, atajibu mbele ya Halmashauri. Hesabu zote zitabandikwa ukutani kila mwisho wa mwezi, na kila mwanachama ana haki ya kuzisoma na kuuliza.

Tusisahau kwamba vyama vikuu vya nchi hii vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na leo tunaongozwa na Sheria ya mwaka 2013 iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Sababu zilizotolewa wakati wa kuvunjwa zilikuwa nyingi, na wataalamu wangali wakizijadili. Lakini mkulima wa kawaida hapimi ushirika wake kwa vitabu vya wataalamu. Huupima kwa kuuliza: kilo nilizoleta zimeandikwa zote? Fedha yangu imefika? Chama kinachoweza kujibu ndiyo kwa maswali hayo mawili hakitavunjika kwa urahisi, kwa kuwa wenyewe watakilinda.

Bwana Mwenyekiti, tunauweka mpango huu mbele ya Mkutano Mkuu ili upigiwe kura: usalama wa mahindi kuanzia mavuno yajayo bila kusubiri, mizani katika msimu huo huo, stakabadhi msimu wa pili, madaraja msimu wa tatu, na mengineyo baada ya hapo kwa kadiri ya uwezo. Twawaomba mwulize, mpinge palipo na dosari, mrekebishe. Lakini mkiisha kupitisha, tushike wote neno moja, ili mnunuzi atakaposimamisha gari lake Lupembe, Uwemba au Makambako, akute mizani ile ile, stakabadhi ile ile, na jibu lile lile.

Mungu aubariki ushirika wetu.